Stara ya Nani?

Katika maneno ambayo watu wa pwani huyapenda na kuyaheshimu, neno stara halina mwenzake. Tunamwomba Mungu atusitiri. Mgeni akitufikia ghafla, hujitahidi mwenye nyumba kumsitiri kwa kidogo alicho nacho. Nguo hutusitiri, paa hutusitiri, ndoa tunaiita stara, na hata siku ya mwisho, jamaa wakisharudi makaburini, husema kwamba marehemu amekwisha kusitiriwa. Neno lililobeba mema mengi kiasi hicho lastahili kulindwa. Makala haya yanadai kwamba halikulindwa. Wenyewe wamenyang'anywa, na waliopewa ni wanaume wapigao wake zao, pamoja na jamaa wanaowafichia.

Tuitazame Nguvumali, kata ya mji wa Tanga ambayo jina lake limeungwa kwa maneno mawili, nguvu na mali, nayo ndiyo mambo mawili yagombewayo katika ndoa nyingi zenye misukosuko. Nyumba nyingi za mitaa hii, kama zile za Ngamiani na Mabawa, ni nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na katika kila chumba mpangaji na aila yake. Ukuta wa chumba mara nyingi haufiki kwenye bati. Mwanamke akipigwa katika chumba cha tatu, kilio chake husikika katika chumba cha kwanza na cha sita, tena kwa jirani wa nyumba ya pili. Basi ni siri gani hii inayoambiwa isitoke ndani? Wapo wanaoongeza sauti ya redio. Wapo wanaokohoa kwa nguvu ili mpigaji ajue kwamba watu wako macho. Na yupo mmoja mwenye moyo ambaye huenda kugonga mlango, akajibiwa kwamba hayamhusu.

Asubuhi huchemshwa maji ya kukanda. Wazee huitwa, mkeka hutandikwa, mume hulaumiwa kwa maneno mazito na kuombwa asirudie, na pengine hushauriwa amtulize mwenzake kwa doti ya kanga. Mke naye huambiwa azuie ulimi, kwani mwanamke mwenye ulimi ndiye avunjaye nyumba. Kisha hurudi chumbani, na kanga mpya hufunika alama za jana. Hapo watu hutawanyika wakisema kwamba Mungu amesitiri.

Amesitiri nani? Aliyepigwa anajulikana na mtaa mzima, maana walimsikia usiku na watamwona asubuhi akiteka maji kwa mkono mmoja. Aliyesitiriwa ni mpigaji. Yeye ataketi barazani jioni ile ile, atacheza bao, atasalimiwa kwa heshima zake zote, na hakuna atakayemtazama usoni kwa muda mrefu kupita desturi.

Mimi siidharau suluhu. Mume na mke wakigombana kwa sababu ya matumizi, au mashemeji, au mtoto aliyekataa shule, wazee wana hekima ambayo hakimu hana, na wagombanao ndio wapatanao. Lakini suluhu huhitaji watu wawili ambao kila mmoja aweza kukataa. Pale ambapo mmoja anasema na midomo imevimba, na mwingine ndiye mwenye kodi ya chumba, ni suluhu ya namna gani? Mtu akiibiwa baiskeli Nguvumali, hakuna mzee atakayemwambia avumilie kwa ajili ya stara ya mwizi. Ubavu uliovunjika umekuwaje duni kuliko baiskeli?

Watetezi wa desturi hii hujibu kwamba hivyo ndivyo mila yetu ilivyo. Jibu hilo lataka kuchunguzwa vizuri, kwa kuwa mkusanyo huu ni wa utamaduni wa taifa, na si haki utamaduni usingiziwe.

Pwani yenyewe ilisema nini? Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, binti wa watu wanyonge aliyepata kuuza vyungu kabla ya kuuza sauti, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika santuri. Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, alimwona anastahili kuandikiwa wasifu, akauandika. Miongoni mwa nyimbo za Siti umo unaoitwa Kijiti. Unasimulia jambo lililotukia Unguja: mwanamke mgeni, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alichukuliwa na mtu aitwaye Kijiti mpaka maguguni, akarudishwa maiti. Shauri lilipofika mbele ya jaji, mwuaji alikuwa amekwisha kuvuka bahari kukimbilia bara. Ghadhabu ya mahakama ikawaangukia wanawake waliokuwa mashahidi, nao ndio walioadhibiwa.

Mwanafunzi ausome wimbo huo kwa makini, kwani ndani yake imo hoja nzima ya makala haya. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jaji, askari na gereza, lakini ilishindwa kumpata mwenye kosa, ikawapata waliomtaja. Mwimbaji hakuwa na askari. Alikuwa na jina la mwuaji, akalitamka mbele za watu, likachukuliwa na santuri na vinywa vya wasikilizaji kutoka bandari hadi bandari. Kijiti aliponyoka sheria, ila stara hakuipata. Karibu miaka 100 imepita na bado anatajwa. Siti hakuyatoa hayo katika azimio la mkutano wowote wa kimataifa. Aliyatoa katika Kiswahili cha uswahilini, kwa watu wa uswahilini, nao walielewa.

Tena tuwatazame Wadigo, majirani na wenyeji wa ukanda huu kuanzia Tanga hadi Kwale. Zamani ukoo wao ulifuata upande wa mama, na mali ilirithiwa kwa mjomba. Mwanamke aliyeolewa hakukatika kwao. Alikuwa na mjomba na kaka waliokuwa na sauti juu yake na juu ya watoto wake, na mume alilijua hilo. Sisemi kwamba hakupigwa. Nasema kwamba aliyempiga alijua yuko wa kumwuliza. Leo binti hutoka Pangani au Mkinga akaja kupanga chumba mjini na mumewe, mjomba yuko mbali, na mahali pa mjomba pamebaki wazi. Hatuwezi kuivunja ngome ya mila, kisha tukatumia neno mila kumtetea aliyebomoa.

Hata hadithi kwamba mwanamke wa pwani ni wa kunyamaza tu haithibitiki. Mtafiti Susan Hirsch, aliyefanya uchunguzi wake katika mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 na kuuchapisha mwaka 1998, alikuta kwamba walalamikaji wengi ni wanawake. Wamefunzwa kwamba mke mwema hatoi siri za ndani, lakini husimama mbele ya kadhi na kuzitoa, tena mara nyingi hushinda. Kwa hiyo mafunzo ya kunyamaza na ujasiri wa kusema vimeishi pamoja katika utamaduni huu huu mmoja. Anayechagua la kwanza na kulitupa la pili asijiite mlinzi wa mila. Yeye ni mchaguzi, na amechagua linalomfaa.

Wapo wengine ambao hawasemi mila. Hao husema kwamba mambo haya ya ukatili dhidi ya wanawake yameletwa na Wazungu, pamoja na fedha zao na mikutano yao. Hii ni kasumba iliyogeuzwa upande: zamani tulifundishwa kwamba kila jema latoka Ulaya, na sasa kuna wanaotufundisha kwamba kila jema linalowaudhi latoka Ulaya.

Tarehe zinawasuta. Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yetu, na neno bora lina maana kwamba yapo yasiyo bora. Mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, alikiri wazi kwamba jamii yetu ya jadi ilikuwa na kasoro, mojawapo ikiwa unyonge wa wanawake waliofanya kazi kupita haki yao. Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, na kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama iko mila inayosema vingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ulipitishwa mwaka 1979, miaka minane baadaye, na maandishi yake hayakutaja kipigo cha nyumbani. Ilikuwa mwaka 1992 ndipo kamati ya mkataba huo ilipotoa tafsiri kwamba ukatili ni ubaguzi, na mwaka 1993 ndipo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipotoa tamko lake. Sisi tulikuwa tumelisema kwa miaka zaidi ya 20. Na mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, unaotajwa kana kwamba ulikuwa baraza la wageni, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mwalimu kutoka Ukerewe.

Hata tarehe 25 Novemba, inayoadhimishwa duniani kote, haikuchaguliwa na matajiri wa Ulaya. Siku hiyo mwaka 1960 dada watatu wa ukoo wa Mirabal waliuawa na watu wa dikteta Trujillo katika Jamhuri ya Dominika, nchi ya kisiwani inayojua utumwa na miwa. Wanawake wa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi waliichagua siku hiyo mwaka 1981 walipokutana Bogotá. Umoja wa Mataifa uliikubali mwaka 1999. Ni wanyonge waliowafundisha wakubwa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewapendelea wanaharakati, nao pia wana lao. Tangu mwaka 1991 ipo kampeni ya siku 16, kuanzia tarehe hiyo ya 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba. Huwa kuna maandamano, fulana, ngoma na hotuba ya mgeni rasmi. Hotuba husomwa katika Kiswahili ambacho hakuna anayekisema nyumbani kwake, kilichotafsiriwa neno kwa neno kutoka ripoti fulani, na mama wa Nguvumali aliyefunga genge lake ili ahudhurie huondoka akiwa na kofia. Siku 16 zikiisha hubaki siku 349, na hizo ni za wale wazee wa mkekani. Kosa kubwa la kampeni hizi ni kusema na mpigaji na mpigwaji tu, kana kwamba wanaishi peke yao katika kisiwa. Hazisemi na chumba cha kwanza na chumba cha sita.

Sheria yetu nayo isisifiwe kupita kiasi. Kifungu cha 66 kilitangaza, hakikutaja adhabu. Mwenye kupigwa hubidi atumie Kanuni ya Adhabu na kosa la shambulio la kudhuru mwili, na kosa hilo huhitaji mashahidi. Mashahidi ndio hao hao walioongeza sauti ya redio. Mwanamke huchukua fomu namba tatu ya polisi, hutibiwa Bombo, hufungua shauri, na kabla ya siku ya kusikilizwa jamaa za pande zote mbili humjia kwa upole mkubwa. Humwambia kwamba baba wa watoto wake akifungwa, nani atalipa ada? Hana jibu, na jamaa wanajua kwamba hana. Shahidi wa kwanza amesafiri, wa pili hakumbuki. Shauri hufutwa.

Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikie miaka 15. Uchunguzi huo huo uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula au kutoka bila ya kuaga. Waliokubali sababu angalau moja walikuwa asilimia 40 ya wanaume, na asilimia 58 ya wanawake. Wapo walioifurahia hesabu hiyo, wakasema, je, hamwoni wenyewe wanapenda? La hasha! Hakuna kiumbe apendaye kuvunjwa mbavu. Hesabu hiyo yaonyesha ni nani aliyekabidhiwa kazi ya kuifundisha stara ya uongo, naye ni mwanamke mwenzao: mama, shangazi, kungwi. Kungwi humwambia mwari avumilie, kwa sababu yeye mwenyewe alivumilia na akitamka kwamba alivumilia bure, maisha yake yote yatamdai majibu. Huo ni mzigo mzito, na hauondolewi kwa fulana.

Mtu atasema, basi kama watu wenyewe wamekwisha kuamini hivyo, hakuna linalowezekana. Linawezekana, na ushahidi uko karibu. Kampala, nchini Uganda, palianzishwa kazi iliyopewa jina la Kiswahili, Sasa. Watu wa kawaida wa mitaa, wake kwa waume, pamoja na viongozi wa mitaa, askari na wahudumu wa afya, walizungumza na majirani zao kwa miaka kadhaa juu ya nguvu na matumizi yake: nani anayo, anaitumia vipi, na jirani ananyamaza kwa faida ya nani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 baada ya kulinganisha mitaa iliyofikiwa na ile ambayo haijafikiwa. Katika mitaa iliyofikiwa, kipigo cha mume au mwenzi kilikuwa chini kwa asilimia 52. Si mitaa ya malaika ile. Kuna ulevi, kuna kodi ya chumba, kuna kukosa kazi, kama hapa.

Na katika mkoa wetu wenyewe, Pangani, kikundi cha UZIKWASA, ambacho jina lake ni kifupi cha Uzima kwa Sanaa, kimetumia maigizo, redio ya Pangani FM na filamu kuwakutanisha wanavijiji na mambo yao wenyewe. Filamu yao ya Aisha, ya mwaka 2015, inamhusu mwanamke anayebakwa akiwa amerudi kwao, na inatumia muda wake mwingi kwa watu wanaomzunguka, wale ambao hawakumgusa. Nadhani hapo ndipo penye thamani yake. Mtazamaji wa Pangani hawezi kusema kwamba ule ni uzungu. Lafudhi ni yake, vyombo vya ndani ni vyake, na jirani anayegeuza uso pale anaweza kuwa yeye.

Serikali nayo, kwa mpango wa taifa ulioanza mwaka wa fedha 2017/18 na kujulikana kwa jina la MTAKUWWA, iliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziundwe hadi ngazi ya chini, na polisi wamekuwa na madawati ya jinsia na watoto. Vyombo vipo, basi. Swali ni kama kamati hukaa kumwuliza mpigaji, au hukaa kumtandikia mkeka ule ule wa zamani ukiwa na jina jipya.

Kwa walimu nina maneno machache, nao wataniwia radhi. Katika darasa la fasihi, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 husomwa mara nyingi kama hati ya kumnyamazisha mke. Ule ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake, ulioandikwa ili binti apate usalama katika dunia ya wakati ule. Mwalimu autoe kama ulivyo, na awaulize wanafunzi ni usalama gani mama yule angeutafuta leo. Halafu liko suala la fimbo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Anayejua shule zetu anajua jinsi mpaka huo ulivyovukwa. Mvulana aliyefundishwa kwa miaka 11 kwamba mkubwa akikasirika hupiga, na apigwaye hushukuru, atalitoa wapi wazo jingine siku atakapokuwa yeye ndiye mkubwa wa chumba?

Na kwa wanafunzi: Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na kundi la wanafunzi wenzake wa kiume. Waliomwandama walikuwa wasomi, si walevi wa kilabuni. Elimu peke yake haikumsitiri.

Hapana budi tuseme linalotakiwa pasipo kuzunguka. Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yaliwekwa na sheria ile ya mwaka 1971 kwa ajili ya migogoro ya ndoa kabla ya kwenda mahakamani kuomba talaka. Hayakuwekwa kwa ajili ya jinai. Wazee wa Nguvumali, masheikh na wachungaji, wenyeviti wa mitaa, waseme hadharani, msikitini na kanisani na katika mkutano wa mtaa, kwamba mtu aliyeumizwa hasuluhishwi kabla ya kutibiwa na kuandikiwa taarifa polisi. Na kwamba mzee atakayempelekea mlalamikaji doti ya kanga ili afute shauri amekuwa mshirika. Mwenye nyumba aweza kutia sharti hilo katika upangishaji wake, kama anavyotia masharti ya maji na usafi wa ua. Kungwi naye amfunze mwari mlango wa kugonga usiku, na amtajie kwa jina.

Na majirani wa chumba cha kwanza na cha sita waende wote wawili, kwa sababu shahidi mmoja hutishwa kwa urahisi. Watamke tarehe, saa, walichokisikia na walichokiona, kwa maneno yao wenyewe, pale Chumbageni na tena mbele ya hakimu siku itakapotajwa, hata ikiahirishwa mara tatu. Jamaa wakija kwa upole mkubwa kuuliza nani atalipa ada ya watoto, wajibiwe kwamba swali hilo lingefaa kuulizwa kabla mkono haujanyanyuliwa, na kwamba aulizwe aliyeunyanyua.